Nyota Iliyotua kwa Bi Tatu

Enzi zetu giza lilikuwa giza kwelikweli, wala hakuna aliyelilalamikia. Jua likizama kwetu Yombo, ilibaki mianga ya vibatari milangoni na moto wa mafiga uani, na juu yake anga lote limejaa nyota hadi unajiuliza zinapataje nafasi. Ninyi mliokulia wakati ule mnanielewa. Hawa wajukuu zetu umeme ukikatika kidogo tu wanapiga kelele kama wamefukiwa. Sisi gizani ndimo tulimochezea kombolela, tukajificha nyuma ya mitungi ya maji na kwenye mashina ya mikorosho, na aliyeogopa aliambiwa akalale na kuku.

Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, tumekaa mkekani na mbao zetu mapajani, mwalimu anasinzia huku fimbo yake iko macho. Mchana tulikula mihogo iliyopikwa kwa tui la nazi. Jioni moshi wa makumbi ya nazi ulitanda kila ua, harufu ya dagaa wa kukaanga ikakuita nyumbani kabla mama hajakuita. Yombo ilikuwa mashamba matupu wakati huo, minazi na mihogo, na ukitaka kuona watu wengi kwa pamoja ulikwenda Temeke kwa miguu. Leo nikipita huko naoneshwa ghorofa nikiambiwa ndipo palipokuwa kisima chetu, nami naitikia tu ili tusibishane.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule, vita vya pili vya dunia vimeisha, mvua za vuli zinaelekea ukingoni, na dada yangu Zuhura amewekwa ndani akingoja kuolewa. Nilikuwa mtoto wa kike wa umri wa kutumwa dukani na kurudi bila kupoteza chenji. Zuhura hakutoka hata uani mchana. Somo yake alikuja kila siku kumsinga mwili kwa liwa yenye harufu nzuri na kumfunda mambo ambayo mimi nilifukuzwa nisiyasikie, nikayasikia yote dirishani bila kuyaelewa. Harusi ilipangwa Mfungo Sita, baada ya Maulidi.

Mchumba wake alikuwa Rajabu wa Temeke, fundi cherehani, mpole, mwenye baiskeli. Rajabu alilelewa na bibi yake, Bi Tatu, na katika nyumba ile Bi Tatu akisema leo ni Ijumaa basi watu walioga josho la Ijumaa, hata kama ni Jumanne. Adabu haikumruhusu Rajabu kumwona mchumba wake. Lakini hakuna adabu iliyomkataza mtu kupita njiani, na kila jioni alipata sababu ya kupita kwetu na kupiga kengele ya baiskeli mara mbili. Zuhura, popote alipokuwa ndani, aliacha alichokifanya. Baba alikuwa akikohoa kwa makusudi, na mama akitazama sufuria.

Ndipo ikatokea nyota yenye mkia.

Tuliiona baada ya adhana ya magharibi, kando kidogo ya pale jua lilipozamia. Kichwa kilikuwa chini, cha manjano, kinang'aa, na mkia umesimama kwenda juu, mrefu, umetawanyika nchani kama ufagio wa chelewa. Watoto tulipiga vigelegele. Wakubwa hawakupiga. Kila mzee alikuwa na habari ya nyota kama ile na maafa yaliyoifuata, huyu njaa, yule ndui, mwingine kifo cha jumbe. Bibi yangu mzaa baba alituingiza ndani akafukiza ubani.

Haikupita wiki akaja mshenga kutoka Temeke. Alikaa barazani, akakataa kahawa, na mama akajua kwamba hakuna heri.

"Bi Tatu anawasalimu," alisema. "Anasema kila magharibi akisimama uani kwake anaiona ile nyota inashuka Yombo. Kichwa chake kinatua hapahapa, kwenye minazi yenu. Hamsingizii mtu. Ila mjukuu wake ni huyo mmoja, hawezi kumwozesha nyumba iliyotuliwa na nuksi."

Baba akasema, "Mwambie nimesikia. Binti yangu hajanishinda kumlisha."

Ndivyo alivyokuwa baba. Kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko minazi yenyewe. Mama alilia jikoni akisingizia moshi. Jioni ile tulingoja kengele, haikulia. Kesho yake haikulia. Zuhura alikula matonge mawili na kunawa, na usiku nilipolala naye kitanda kimoja nilisikia jinsi alivyokuwa akijizuia kulia ili asiniamshe, nami nikajifanya nimelala ili asione haya. Nyota yenyewe hakuwa ameiona hata mara moja. Mwali hatoki nje magharibi.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha. Sisi Yombo hatukuiona nyota ile juu yetu hata kidogo. Tulivyotazama sisi, ilikuwa ikitua Kitunda, mbele ya mashamba yetu, na tangu siku ya kwanza tulikuwa tukiwahurumia watu wa Kitunda. Bibi alikuwa na huruma kupita wote. Alimtuma Mzee Pazi, muuza mkaa aliyetoka huko na baiskeli yake yenye magunia, awafikishie pole na kuwaambia tunawaombea dua.

Mzee Pazi akarudi na jibu, siku chache baada ya mshenga kuondoka. Alishusha gunia, akafuta jasho.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wanasemaje wenzetu?"

"Wanashukuru sana. Ila wanasema kwao hakuna kitu. Nyota iko Pugu. Wameshawapelekea watu wa Pugu pole."

Bibi aliduwaa. Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu mshenga aje, alishika kanga mdomoni akacheka hadi akakaa chini. Na kutoka ndani, nyuma ya pazia, tukasikia sauti ya Zuhura, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Kama sie tunaiona Kitunda, na Kitunda wanaiona Pugu, basi yupo mtu anayeiona iko Temeke. Mtu aliye nyuma ya Temeke."

Baba ndiye aliyejibu. "Hata kama yupo. Nani ataenda kumwambia Bi Tatu? Akienda mtu wetu, atasema mwamba ngoma huvutia kwake."

"Basi asiende mtu," Zuhura alisema. "Iende picha. Picha haina ukoo."

Hapo lazima niwajulishe baba mdogo Seifu, mdogo wake baba, aliyefanya kazi mjini katika duka la kupigia picha. Mwenye duka alikuwa Bwana Gulamali, Mhindi wa Kishia aliyezaliwa Kilwa, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Mchana alipiga picha za maharusi na za makarani waliotaka kuonekana wameshika kitabu. Lakini mapenzi yake yalikuwa angani. Alikuwa na kamera kuukuu ya kukunja, mvukuto wake umebandikwa viraka vya ngozi, miguu mitatu ya mbao aliyochongewa na seremala, na darubini ndogo ya ubaharia iliyopasuka kioo kimoja. Tangu nyota itokee alikuwa akinung'unika kwamba mjini mapaa na taa za barabarani zinamziba, akimuuliza Seifu wapi kuna uwanja mweupe. Baba mdogo alipompelekea shida yetu, inasemekana hakungoja imalizike, alianza kufunga kamera.

Baba hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba mtoto wa kike kama mimi hafuatani na wanaume jioni bila mtu mzima, na kwa hilo tukajua amekubali. Tukaenda wanne, Bwana Gulamali, baba mdogo, Bibi na mimi. Kisa cha mimi kwenda ni kwamba Zuhura aliniomba. "Mie siruhusiwi kutoka," aliniambia. "Wewe uwe macho yangu."

Nyuma ya Temeke, upande wa Chang'ombe, kulikuwa na mbuga tupu. Ukisimama pale machweo uliiona nyumba ya Bi Tatu mbele yako, nyeusi kwenye wekundu wa mbingu. Hukuweza kukosea, kwani kando yake ulisimama mnazi uliokatwa kichwa na radi, na Temeke nzima ilielekezana njia kwa mnazi ule. Nyota ilikuwa pembeni kidogo ya paa. Bwana Gulamali alichukua miguu yake mitatu, akaenda kulia, akachungulia, akaenda kulia tena.

"Bwana," Bibi alisema, "huwezi kuivuta ije kidogo huku?"

"Bibi yangu, nyota hainisikilizi mie. Ninayesogea ni mie." Akasogea hatua chache zaidi, akatuita. Nikatazama, na wallahi nyota ilikuwa imesimama juu ya paa la Bi Tatu, kichwa chini, kama jogoo anayetaka kutua.

Picha ya nyota si kama ya bwana harusi. Alitueleza kwamba mlango wa kamera sharti uachwe wazi muda, mwanga ule mchache uingie taratibu. Ukiufunga mapema, kile kioo cha picha kilicho ndani hakishiki kitu. Ukichelewa, nyota zinakuwa michirizi, maana anga halimngoji mtu. Saa yake haikusomeka gizani, hivyo alinipa tasbihi yake ya udongo, akaniambia nivute uradi bila haraka, na nikifika kwenye shanga kubwa niseme. Kuanzia hapo mpiga picha akawa yeye na saa nikawa mimi. Sijawahi kumtaja Mungu kwa uangalifu ule, hata mwalimu angeshangaa.

Kioo cha kwanza kilikwenda vizuri hadi katikati. Kisha mbuzi akalia vichakani, na Bibi akanyanyua taa. "Nani huyo?" Mwanga ukamwagika kwenye kamera, basi, kikaharibika. Cha pili, wingu likapita. Bwana Gulamali hakukasirika, alifunga vitu vyake tu, nasi tukarudi Yombo Bibi akimlaani mbuzi njia nzima.

Mvua ikafuata. Jioni baada ya jioni mawingu yalifunga, na yalipopasuka tuliona nyota inapungua, mkia unafifia, kichwa kinachelewa kuonekana na kinawahi kuzama. Na baba mdogo akaja na habari mbaya zaidi: Temeke wanasema Bi Tatu ameanza kuulizia binti wa watu huko Mtoni. Zuhura alipoisikia aliacha kusingwa. Alimwambia somo yake arudi nyumbani, maana liwa ni ghali na haina wa kumnukia. Mama alisimama mlangoni hajui amshike au amwache, na usiku ule niliogopa kwa mara ya kwanza kwamba mambo ya wakubwa yanaweza kuharibika kabisa, yasitengenezeke.

Mwishowe ikaja jioni iliyooshwa, safi, na tukakimbia. Bibi aliizima taa, akaiacha nyumbani. Nyota ilikuwa nyembamba sasa, lakini ipo. Bwana Gulamali alikuwa amevaa nguo nyeusi kama siku ile ya kwanza, kwani ilikuwa miezi ya maombolezo ya Mashia, na hatukujua kwamba mtaa wa Bi Tatu ulishavuma habari za mtu wa nguo nyeusi anayekuja na dude la miguu mitatu kuipigia nyota hesabu.

Alifungua kamera, nikaanza tasbihi. Sikufika mbali nikaona taa ya baiskeli inatujia kutoka kwenye nyumba, inayumba, inakaribia, inaelekea kwenye kamera yenyewe. Kupiga kelele sikuweza, ningepoteza hesabu. Bwana Gulamali alitanua mikono kuikinga kamera. Bibi, mwenye umri wake na magoti yake, alichomoka kama msichana, akavua kanga ya kichwani, akaitupa juu ya ile taa na kuikumbatia.

Mwenye baiskeli alisimama.

"Shikamoo, Bibi," sauti ikanong'ona. Alikuwa Rajabu, ametumwa kuja kuona ni mtu gani huyu.

"Marahaba. Nyamaza."

Akanyamaza. Tukasimama sote kwenye mbuga ile, Bibi kaikumbatia taa ya baiskeli, mkwe wake mtarajiwa kashika usukani, nami nikivuta uradi shanga kwa shanga, hadi vidole vikafika kwenye ile kubwa. "Tayari!" Mlango wa kamera ukafungwa.

Ndipo Rajabu aliposema, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa, "Bibi, mie sijamkataa Zuhura. Mwambieni. Bibi yangu kanizuia njia, sijamkataa."

"Utamwambia mwenyewe," Bibi alijibu, akajifunga kanga yake. "Ukishaoa."

Baba mdogo aliileta picha jioni ya pili, bado inanuka dawa. Tuliichukua moja kwa moja chumbani. Zuhura aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na kibatari. Kulikuwa na paa jeusi, mnazi usio na kichwa, na juu yake nyota na mkia wake, imefifia lakini haina ubishi.

"Kumbe kadogo hivi!" alisema. "Ndiko haka kalikotaka kuniachisha mume kabla sijampata?" Akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka, ya siku zote zile.

Asubuhi Bibi aliivingirisha picha kwenye kanga, tukaenda Temeke. Bi Tatu alitukaribisha kwa adabu, maana kuvunja uchumba si kuvunja adabu. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukaulizana habari za mifupa. Kisha Bibi akafungua kanga.

Bi Tatu aliishika picha mbali na macho, kama wazee wanavyofanya. "Ehee, ndiyo hiyo balaa. Si niliwaambia? Imetua kabisa." Akaisogeza mwangani. "Maskini wenye nyumba hii." Kisha nikaona kidole chake kinashuka polepole kwenye ule mnazi, kinasimama. Akageuka kutazama mlangoni, pale mnazi wenyewe ulipokuwa umesimama juani. Akatazama picha tena.

"Mh," alisema.

Bibi alikunywa chai. Nilijua kwamba mwanamke huyu anaweza kuiweka picha motoni na kutuambia nuksi sasa ni mbili.

"Na kwenu mnaiona wapi?" Bi Tatu aliuliza mwishowe.

"Kitunda. Na Kitunda wanaiona Pugu. Wewe unaiona kwetu. Mbugani nyuma yako wanaiona hapa."

Bi Tatu alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa hasemi nimekosea mbele ya mtoto. Alifikiri njia nyingine ya kutokea, akaipata, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

"Basi ni mgeni," alisema. "Mgeni akifikia nyumba mbili kwa wakati mmoja, wenye nyumba hizo washakuwa ndugu. Atakimbiwaje?" Akainuka, akaniita. "Wewe mtoto, mwambie mama yako achambue mchele. Mie nitaleta kuku."

Njiani Bibi alinishika mkono. Alisema Alhamdulillahi mpaka tukafika Yombo.

Jioni ile mama alikuwa akikuna nazi, baba yuko barazani, sote tunajifanya hatusikilizi njia. Kengele ikalia mara mbili. Baba hakukohoa. Aliegemea nguzo, akafumba macho, na mara tukamsikia anakoroma, saa ile ya watu kula, kama mtu aliyetua mzigo aliobeba toka Bagamoyo. Hatukumwamsha. Chumbani Zuhura alikuwa akimwita somo yake aletewe liwa.

Harusi ikafanyika Mfungo Sita. Nyota ilishapotea zamani, hakuna aliyeiulizia. Bwana Gulamali alipiga picha za maharusi, na pilau nililokula siku ile sijalipata tena, hata kwenye hizi harusi za kumbini ambako unagawiwa sahani kama mgonjwa.

Siku hizi Temeke ina taa hadi nyota zimehama. Mjukuu wangu ana simu inayopiga picha hata chungu, lakini muulize nyota za Kilimia ziko wapi, ataitazama hiyo simu. Hatuko tena watu wa kupelekeana pole kwa ajili ya nyota; jirani anaugua wiki nzima na sisi tunaisoma habari yake kwenye kundi la simu. Tulikuwa wajinga wa anga, nakubali. Lakini kila kijiji kilipodhani balaa iko kwa jirani, kilimtumia salamu.

Da' Zuhura bado yuko, nyumba ileile ya Bi Tatu, sasa ya matofali. Rajabu alitangulia, Mungu amrehemu, baada ya kuzaa naye watoto na kuzeeka naye. Picha ipo ukutani, imekuwa rangi ya chai. Majuzi niliketi kwake, mjukuu wetu akaingia na simu yake anahema. "Bibi, tazameni! Kuna nyota ya mkia imeonekana tena, watu wameipiga picha!"

Zuhura alivaa miwani, akaishika ile simu mbali na macho, kama Bi Tatu alivyofanya. Aliitazama sana. Kisha akanigeukia, na usoni mwake nikamwona yule mwali wa nyuma ya pazia.

"Haya," aliniuliza, "safari hii imetua kwa nani, tuwapelekee pole?"